Vibonyezo 61

Kijana mmoja wa Nambilanje alinifuata Ruangwa mjini, simu mkononi na vumbi la bodaboda kwenye nguo. Anapiga kinanda kwenye kwaya. Alijifunza kwa kukaa pembeni ya mwenzake na kumtazama vidole, na solfa anaisoma kama wengine tunavyosoma ujumbe wa simu. Tulipomaliza kusalimiana akanifungulia kurasa alizopakua: sonata ya Mozart katika C, ile yenye namba K. 545. Alikuwa ameambiwa kwamba ndiyo ya wanaoanza, akakaa nayo mwezi na nusu. "Mwalimu," akasema, "nota zote nimezishika. Ila nikipiga, haiwi ile."

Miaka yote niliyofundisha sijasikia mtu akilieleza tatizo hili kwa maneno machache namna hiyo. Haiwi ile. Vidole vimefika kila mahali vilipotakiwa, kwa wakati wake, na bado kuna kitu kimebaki nje. Ndiyo maana mtu akiniuliza sonata ipi ni rahisi na ipi ni ngumu, nasita kumpa orodha. Orodha zipo. ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza ambayo watoto wengi wa Nairobi na Kampala hufanya mitihani yake, hupanga vipande vya piano kwa madaraja 8, na sehemu za sonata za Haydn, Mozart na Beethoven huonekana humo mara kwa mara. Mpangilio huo una kazi yake. Lakini unapima zaidi kinachoonekana kwenye karatasi: kasi, urefu, mitanuko ya mkono, wingi wa vishapu na vifleti. Sehemu kubwa ya ugumu wa sonata za miaka ile, tuseme kuanzia 1770 hadi 1800 na kidogo, haikuandikwa kwenye karatasi.

Tubaki na hiyohiyo K. 545. Mozart aliiingiza kwenye daftari la kazi zake tarehe 26 Juni 1788 na kuiita sonata ndogo ya wanaoanza. Siku hiyohiyo daftari lina simfoni yake ya 39. Hakumdanganya mtu. Hakuna mruko wa kutisha humo, wala mahali panapodai kiganja cha jitu. Lakini utazame mkono wa kushoto peke yake. Unachukua do, mi na so, badala ya kuzibonyeza kwa pamoja unazipiga moja moja: do-so-mi-so, do-so-mi-so. Mtindo huu unaitwa besi ya Alberti, kwa jina la Domenico Alberti, Mtaliano aliyefariki mwaka 1746, na sonata za kipindi hiki zimejaa besi hiyo. Kidole cha mwisho kinakaa kwenye do, cha kati kwenye mi, kidole gumba kwenye so. Sasa hesabu. Katika kila nota nne, gumba linapiga mbili. Na gumba ndicho kidole kizito kuliko vyote, kilichozoea mpini wa jembe na mshikio wa pikipiki. Usipokichunga, anayesikiliza hasikii do-so-mi-so. Anasikia so, so, so, so, kama mtu anayebisha hodi huku mwenzake ndani anajaribu kuimba.

Kijana alipopiga mbele yangu, hicho ndicho nilichosikia. Nilimwambia auweke mkono wa kulia mapajani, apige kushoto tupu, chini kabisa, mpaka so iwe mwangwi wa do. Halafu aimbe ile melodi kwa mdomo, aone anapumua wapi, ndipo aipige. Tulitumia saa nzima kwenye mistari miwili.

Kwenye kwaya sauti nne zinafunikana. Alto akichelewa kidogo, teno anamziba, na besi wakiwa wengi hata mwalimu mwenyewe anaweza asijue nani kakosea. Mozart mara nyingi anakuachia mistari miwili tu: mmoja unaimba, mwingine unausindikiza. Nota moja ikilia nzito kuliko jirani zake, imeonekana. Skeli ikikimbia mbele ya mapigo hata kwa unywele, imeonekana. Hakuna pa kujificha. Mtunzi wa baadaye kama Liszt hukupa nota nyingi kiasi kwamba moja ikipotea hakuna anayeiulizia. Ugumu wake ni wa nguvu na mazoezi, nao unaonekana hata kwa asiyejua muziki. Ugumu wa Mozart unafanana na wa kutenga maji kwenye sinia jeupe: tone likimwagika, kila mtu kaliona.

Na neno "nyepesi" linapotoka kwa Mozart mwenyewe, lisikilize kwa uangalifu. Julai 1789 alimwandikia Michael Puchberg, rafiki yake aliyekuwa akimkopesha fedha, kwamba anatunga sonata sita nyepesi za Binti Mfalme Friederike wa Prussia. Sita hazikupatikana. Inayohusishwa na mpango huo ni K. 576 katika D, sonata yake ya mwisho, ambamo mikono miwili inafukuzana, wa kushoto ukiyarudia ya kulia kabla ya kulia haujamaliza. Wapiga piano wengi wanaihesabu kuwa ngumu kuliko zake zote 18.

Ndipo nikamwuliza yule kijana anapiga kinanda gani. Akainamisha macho. Cha kanisani, mwalimu, kile cha vibonyezo 61. Alikitamka kama mtu anayeungama, kwa sababu ameona kwenye picha piano ya vibonyezo 88 na anaamini kwamba kilichopungua ni hivyo 27.

Piano ya Mozart ilikuwa na vibonyezo 61.

Ilitengenezwa na Anton Walter wa Vienna, Mozart akaipata mwanzoni mwa miaka ya 1780, na hadi leo inatunzwa Salzburg. Inaanzia F ya chini na kuishia F ya juu, oktava tano kamili. Kinanda cha kanisani nacho ni oktava tano kamili, ila kinaanzia C na kuishia C. Kwa hiyo kijana wa Nambilanje amepungukiwa vibonyezo saba upande wa besi na ana saba vya ziada juu ambavyo Mozart hakuwa navyo. Hiyo ndiyo tofauti yote ya upana. Beethoven naye, karibu sonata zake zote hadi mwaka 1802 au hivi zinaishi ndani ya oktava hizo tano. Zipo sehemu ambapo melodi inapanda, inafika ukingoni, na inabidi aipinde irudi chini kwa sababu mbao zimekwisha. Mwaka 1803 alipata piano ya Erard kutoka Paris, pana zaidi, na sonata iliyofuata, Waldstein, inapanda hadi nota ambazo kabla ya hapo hakuwa nazo. Hammerklavier ya mwaka 1818 ndiyo hutaiweza kwenye vibonyezo 61 hata ukikesha.

Suala la kina cha kibonyezo ni refu zaidi. Piano za Vienna za wakati ule zilikuwa nyepesi sana kubonyeza. Kibonyezo kilizama kama nusu ya kinavyozama kwenye piano ya sasa, nyundo zilikuwa ndogo na kufunikwa ngozi, sauti ilitoka wazi na kufa upesi. Mozart alipotembelea karakana ya Johann Andreas Stein huko Augsburg mwaka 1777, alimwandikia baba yake akizisifu piano hizo, na moja ya sifa ilikuwa kwamba akiinua kidole sauti inakoma papo hapo, wala haiburuzi. Zile alama ndogo zinazounganisha nota mbili mbili katika sonata zake zinatokana na chombo hicho: ya kwanza inaegemewa, ya pili inaachiwa. Kwenye piano kubwa ya leo, yenye fremu ya chuma na nyuzi zinazovuma kwa muda mrefu, mpigaji anapaswa kuutengeneza uwazi huo kwa juhudi. Kwenye kinanda chepesi cha umeme unakuja wenyewe.

Sitaki kukipamba kinanda kupita haki yake. Vingi vya bei nafuu havitofautishi kidole kilichogusa na kilichopiga. Ubonyeze kwa upole, ubonyeze kwa hasira, sauti ni ileile. Kwenye kinanda cha namna hiyo kusindikiza chini chini hakuwezekani, na somo la kidole gumba nililolisimulia linabaki nusu. Aliyenacho hicho ana njia moja: aifanye so iwe fupi kuliko do, ainue gumba mapema. Sikio hudanganyika kidogo na kuiona nyepesi. Hayo ndiyo waliyoyafanya wapiga harpsikodi, chombo ambacho nacho hakina sauti kubwa wala ndogo ya kidole, na Haydn alianzia hapo.

Kuna kitufe kimoja ambacho ni adui wa sonata kuliko upungufu wa vibonyezo, nacho ni kile cha kupandisha na kushusha ufunguo, ambacho wapiga vinanda wetu wanakiita transpozi. Mpigaji anajifunza C, labda na F. Kwaya ikitaka E fleti, anabonyeza kitufe, vidole vinabaki kwenye C na kinanda kinahama kwa niaba yake. Ibadani kinaokoa. Lakini sonata inahama yenyewe katikati ya ukurasa, kutoka C kwenda G, kwenda D ndogo, kwenda A ndogo, na hakuna kitufe kitakachoifuata. Nimewaona vijana wenye vidole vyepesi kuliko vyangu wakikwama hapa. Tiba yake haina ujanja: skeli, ufunguo mmoja kwa wiki, transpozi imezimwa.

Na kwa kuwa tunazungumzia piano tukiwa Kusini, sipendi kupita bila kugusa jambo moja. Katika karne ya 19 meno ya tembo kutoka bara yalishushwa hadi Kilwa na Lindi mabegani mwa wapagazi na watumwa, yakavushwa Zanzibar, na sehemu kubwa ikapakiwa kwenda Marekani, jimbo la Connecticut, ambako viwanda vya Deep River na Ivoryton viliyapasua kuwa vipande vyembamba vya kufunikia vibonyezo vya piano. Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa kwa ulaini wake. Wala mpingo wetu haukubaki nyuma: klarineti na obo za sasa zinachongwa kwa mti huu unaoota misitu ya Kilwa na Ruangwa. Ninapoambiwa kwamba muziki huu ni wa wenyewe huko, nakumbuka babu wa nani alibeba nini.

Turudi kwenye nota. Kuna upande mmoja ambao msomaji wa solfa ana nguvu kuliko mtoto aliyelelewa kwenye mitihani, nao ni wa kuuelewa mpango wa sonata. Sehemu ya kwanza kwa kawaida inafanya hivi: inatangaza melodi nyumbani, kwenye do. Kisha inahama, na melodi ya pili inatangazwa ugenini, mara nyingi kwenye so. Baada ya hapo mtunzi anazichukua melodi hizo na kuzitembeza funguo mbalimbali, mara anazikata, mara anazigombanisha. Mwisho wa yote melodi ya kwanza inarudi nyumbani, na ya pili, iliyokuwa ugenini, safari hii nayo inakaa nyumbani. Walimu wengi wanalifundisha hili kwa majina na michoro. Mwimba kwaya wetu analisikia. John Curwen, mchungaji wa Kiingereza aliyeieneza solfa katikati ya karne ya 19, aliijenga juu ya do inayohama: do ni nyumba, popote nyumba ilipo. Fa inapoanza kuwa fe, mara ya kwanza ni pambo. Ikirudia mara ya pili na ya tatu, mwimbaji anajua kwamba so inataka kuwa do. Nilimpigia kijana mistari kumi ya mwanzo ya K. 545 bila kumwonyesha karatasi, nikamwambia ainue mkono nyumba ikihama. Aliinua mahali penyewe. Hakuna aliyewahi kumwambia kuwa kujua huko kunaitwa elimu.

Solfa ina mpaka wake, nao haufichiki. Iliandikwa kwa ajili ya sauti za watu. Skeli zinazokimbia kwa mikono miwili, mapambo, sauti tatu zinazoingia na kutoka, vyote hivyo kwenye solfa vinageuka msitu wa herufi. Mistari mitano haikwepeki. Ninachowaomba wanaohama ni wasiiache solfa mlangoni: wasome mistari kwa macho na do kwa sikio.

Sasa watunzi wenyewe, maana "sonata za kipindi kile" ni jina moja lililofunika tabia nyingi. Haydn aliacha zaidi ya 50, na nyingi alizitunga kwa ajili ya nyumba na watu aliowajua: zile sita zilizochapishwa mwaka 1780 aliwatunukia akina dada wawili, Caterina na Marianna Auenbrugger, na ile kubwa ya E fleti ya mwaka 1794 aliiandika London kwa ajili ya Therese Jansen, mwanafunzi wa Clementi. Ugumu wa Haydn umo kwenye kunyamaza. Katika sehemu ya mwisho ya sonata yake katika C, Hob. XVI:50, anaanza sentensi, anasimama pasipotegemewa, anaanza tena kwa ufunguo usiostahili. Vidole havina shida hapo. Shida ni kuwa na ujasiri wa kuacha kimya kidumu, bila kukijaza. Mpigaji wa kwaya amefundishwa kwamba kimya ni kosa, kwamba mkono ukisimama ibada imesimama, hivyo kwa Haydn anaweka nota zake mwenyewe. Nimeyafanya hayo ujanani na nilikaripiwa ipasavyo.

Muzio Clementi ni tabia nyingine. Tarehe 24 Desemba 1781, mbele ya Mfalme Joseph II huko Vienna, alishindanishwa na Mozart, na Mozart alitoka akimwita fundi mitambo asiye na moyo. Baadaye alimwonya dada yake asijichoshe na oktava na nota mbili mbili za Clementi asije akauharibu wepesi wa mkono wake. Alikuwa mkali mno, kwa maoni yangu. Sonatina sita za Clementi, Opus 36 za mwaka 1797, ndizo mlango bora niujuao wa kuingilia nyumba hii yote. Ni fupi, zinakaa vizuri mkononi, na kila moja ina mpango kamili wa sonata kwa kipimo kidogo. Anayetaka kujua aanzie wapi, aanzie hapo, na asione haya kwamba jina lake ni sonatina.

Beethoven alimtunukia Haydn sonata tatu za Opus 2, na tangu ya kwanza unasikia mtu anayezisukuma mbao. Anaandika kwa nguvu pale wenzake wangeandika kwa upole, anaweka mkazo kwenye pigo dhaifu, na anategemea mkono mzima, siyo vidole tu. Wanaoanza wana bahati ya zile mbili za Opus 49. Namba yake inadanganya: zilitungwa miaka ya 1790, zikachapishwa mwaka 1805, yasemekana mdogo wake Kaspar ndiye aliyezipeleka kwa mchapishaji. Ile ya pili, katika G, ina sehemu mbili tu, na toleo la kwanza halikuandikwa karibu alama yoyote ya sauti kubwa wala ndogo. Watu huliona hilo kama urahisi. Mimi naliona kama mzigo: kila uamuzi ni wako.

Ile inayoitwa ya mbalamwezi, Opus 27 namba 2 ya mwaka 1801, imewapotosha wengi. Jina hilo Beethoven hakulijua. Lilitolewa na mwandishi Ludwig Rellstab baada ya Beethoven kufa. Sehemu ya kwanza inapigika kwa mtu wa mwaka wa pili, sehemu ya tatu inataka miaka kumi, na ni kitu kimoja. Vivyo hivyo lile gwaride la Kituruki ambalo kila mtu alishalisikia kama mlio wa simu: ni sehemu ya mwisho ya K. 331 ya Mozart, na anayeanzia hapo anakosa zile tofauti sita za melodi zilizo mwanzoni, ambazo ndizo shule yenyewe.

Nilimpa kijana Clementi mbili na kumwambia aendelee na K. 545, ukurasa wa kwanza tu, transpozi imezimwa. Wiki tatu baadaye simu ikaita usiku.

"Shikamoo mwalimu. Samahani kwa usiku huu. Kuna kitu kinanisumbua. Sikukaa ukurasa wa kwanza."

"Marahaba. Sema."

"Melodi ya mwanzo inarudi, kama ulivyosema itarudi. Lakini haijarudi kwenye do. Imerudi kwenye fa. Nimepiga mara nne nikidhani nimeruka mstari."

Hakuwa ameruka. Mozart katika sonata ile ya wanaoanza amefanya jambo ambalo hata yeye halifanyi mara nyingi: melodi inarudi katika F, nyumba moja kabla ya nyumbani, na njia ileile iliyoitoa C kwenda G mwanzoni ndiyo inayoitoa F na kuifikisha C. Nilimweleza hivyo. Alinyamaza kidogo, halafu nikasikia simu inawekwa juu ya kitu kigumu, na kinanda kikaanza, mkono wa kushoto peke yake, chini chini, do ikiwa F. Nilisikiliza mstari mzima na sikulisikia gumba.